Intero ya pili: jinsi ya kumrudishia mwanafunzi jaribio alilofeli

Walimu wanaoanza kazi hapa Lubumbashi huuliza maswali yale yale kila periodi, yaani nusu ya semesta, inapokaribia kufungwa. Mwanafunzi amepata 3 kwa 10 na anaomba arudie: nimkubalie? Akirudia, niandike pointi zipi? Prefe (mkuu wa shule ya sekondari) akiniuliza, nitamjibu nini? Na kwa darasa la watoto sitini na zaidi, muda huo nitautoa wapi? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa mpangilio, kuanzia ofisi ya prefe mpaka bulteni, yaani ripoti ya pointi.

Msimamo wangu nautoa mapema. Intero ni jaribio fupi la darasani, na ya pili ina maana pale tu mwanafunzi amejifunza kitu baada ya ile ya kwanza. Kama hapo katikati hakuna kazi iliyofanyika, unamchezesha bahati nasibu, na wewe unajiongezea karatasi za kusahihisha. Kwa hiyo hatua nyingi hapa chini zinahusu hizo siku za katikati.

Kwa upande wa nadharia, inatosha kujua kwamba wazo hili lina umri. Mwaka 1968 Benjamin Bloom, profesa wa Chicago, alieleza mpango wa namna hii: jaribio fupi, kazi ya kurekebisha kwa wale ambao somo halijawaingia, kisha jaribio lingine la kiwango kile kile.

Tunazungumzia intero tu

Mwongozo huu unahusu intero za periodi, zile ndogo unazotunga na kusahihisha mwenyewe. Mtihani wa semesta uache kama ulivyo. Kwenye bulteni ya sekondari maksima yake (pointi za juu kabisa) ni sawa na ya periodi mbili zikijumlishwa, na hiyo ni shughuli ya shule nzima. Repeshaji ya mwisho wa mwaka, yaani mtihani wa pili kwa waliofeli, nayo ina utaratibu wake, ambao unaamuliwa kwenye kikao cha walimu. Na Exetat, mtihani wa taifa uliopo tangu 1967, haina kurudia karatasi: asiyefikisha asilimia 50 anajiandikisha tena mwaka unaofuata. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kumzoesha mtoto kurekebisha makosa yake mapema, wakati kosa bado linagharimu pointi saba tu.

Tenganisha pia makundi mawili ambayo walimu wengi huyachanganya. Mtoto aliyekuwa na malaria, au aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali (karo), hajafeli. Huyo hajafanya intero kabisa. Mpe intero yake ya kwanza, kwa pointi kamili, bila kanuni yoyote kati ya hizi zinazofuata. Kumwandikia sifuri na kumwambia "utarudia" ni kumwadhibu kwa umaskini wa wazazi wake.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Ruhusa ya prefe au ya direkta wa masomo, kwa maandishi.
- Kaye (daftari) yako ya pointi, yenye safu ya ziada pembeni ya kila intero.
- Maswali ya intero ya pili, yaliyotungwa siku ile ile unapotunga ya kwanza. Ukisubiri, utatunga kwa haraka na yatakuwa rahisi mno au magumu mno.
- Nusu karatasi kwa kila mwanafunzi. Fotokopi haihitajiki. Andika maswali ubaoni, maana umeme unaweza kukatika asubuhi hiyo hiyo uliyopanga kuchapa.
- Saa moja kwa wiki ambayo darasa liko wazi. Kwenye shule zenye zamu mbili hapa ndipo penye ugumu wote, na tutaparudia.

Hatua kwa hatua

1. Anzia kwa prefe. Usitangaze chochote darasani kabla hujamwona. Mpelekee ukurasa mmoja wenye mambo matatu: nani anaruhusiwa kurudia, pointi zitahesabiwaje, na siku ya mwisho kabla ya kufunga periodi. Omba saini yake. Enspekta akipita na kukuta pointi mbili kwa mwanafunzi mmoja, ukurasa huo ndio utakaojibu. Bila ukurasa huo, pointi iliyobadilishwa inafanana kabisa na pointi iliyonunuliwa.

2. Chagua kanuni moja ya pointi na ushikamane nayo. Kuna njia tatu. Tuchukue mwanafunzi aliyepata 3 kwa 10, kisha akapata 8.

   Ukichukua wastani, anaandikiwa 5,5. Ukiweka kikomo cha 7, anaandikiwa 7. Ukichukua pointi mpya yote, anaandikiwa 8.

   Mimi natetea pointi mpya yote. Wastani unamwambia mtoto anayejua somo leo kwamba bado hajui kwa sababu wiki iliyopita hakujua. Kama prefe ana wasiwasi kwamba wanafunzi watazembea intero ya kwanza, kubali kikomo cha 7; ni mapatano mazuri. Wastani usiukubali kirahisi.

   Tazama kanuni ya pointi mpya inavyofanya kazi kwenye periodi nzima. Intero nne za pointi 10: 3, 6, 5 na 7. Jumla 21 kwa 40, yaani asilimia 52,5. Ile 3 ikiwa 8, jumla inakuwa 26 kwa 40, asilimia 65. Mtoto huyu hakuwa na wino mwekundu (pointi chini ya nusu) kwenye bulteni hata kabla ya kurudia, lakini alikuwa anatembea pembeni kabisa ya shimo, na sura nzima ya kozi ilikuwa imempita.

3. Tangaza kanuni mwanzoni mwa periodi. Iandike ubaoni, wanafunzi wainakili kwenye kaye ya mawasiliano, mzazi atie saini. Ruhusu kila mtu kurudia, hata aliyepata 6 na anataka 9. Hapo ndipo malalamiko ya "sisi tuliosoma mapema tumeonewa" yanapokwisha, maana mlango uko wazi kwa wote. Kwa uzoefu wangu wenye 6 wanaokuja ni wachache, kwa sababu kazi ya kuingia ni kubwa.

   Idadi: kila intero inarudiwa mara moja tu, na mwanafunzi asirudie intero zaidi ya mbili kwenye periodi moja. Bila kikomo hiki utasahihisha mpaka usiku wa manane na utaacha mpango wote kabla ya Noeli.

4. Rudisha karatasi upesi, ndani ya wiki moja. Karatasi inayorudi baada ya wiki tatu mtoto anaangalia pointi tu na kuikunja. Unaposahihisha, usiandike msalaba peke yake. Panga karatasi kwa mafungu kufuatana na aina ya kosa. Kwenye darasa la watu sitini, mafungu hayazidi manne au matano. Yape namba, na uandike namba hiyo juu ya karatasi.

   Mfano wa hesabu. Swali lilikuwa 3x − 5 = 7 − x. Mwanafunzi ameandika hivi:

   3x − x = 7 − 5
   2x = 2
   x = 1

   Kutoa na kugawanya anajua. Kosa lake ni moja: amehamisha x kutoka kulia kwenda kushoto, na 5 kutoka kushoto kwenda kulia, bila kubadilisha alama. Jibu sahihi ni 4x = 12, x = 3. Hilo ni fungu la kwanza, na nakuhakikishia lina watu wengi. Fungu la pili ni wale waliofika 4x = 12 wakaandika x = 8, yaani wametoa pale palipotaka kugawanya. Mafungu haya mawili yanahitaji dawa tofauti. Ukiwaambia wote "someni tena kozi", hujawasaidia.

5. Dai karatasi ya makosa. Hii ndiyo tiketi ya kuingia kwenye intero ya pili. Mwanafunzi anapiga mistari kwenye nusu karatasi na kupata safu tatu. Ya kwanza: swali na jibu nililoandika. Ya pili: kosa lilianzia mstari gani, na kwa nini. Ya tatu: swali lingine la aina hiyo, nililojitungia na kulifanya mwenyewe.

   Safu ya pili ndiyo roho ya kazi. Usikubali "sikusoma vizuri" au "nilikosea". Mrudishie mpaka aandike kitu kama "nilipeleka −5 upande wa pili na sikuigeuza kuwa +5". Mtoto anayeweza kuandika sentensi hiyo ameshapona nusu. Anaweza kuiandika kwa Kiswahili, hakuna ubaya. Unachotafuta ni fikra yake.

6. Angalia kama tatizo ni somo au ni Kifaransa. Wanafunzi wetu wengi wanaongea Kiswahili nyumbani na mtaani, kisha wanasomea hesabu, fizikia na jiografia kwa Kifaransa. Kabla ya kusema mtoto hajui, mwite pembeni ya meza yako na umsomee swali kwa Kiswahili, kwa mdomo. Akijibu sawa, umegundua kwamba kilichomwangusha ni neno moja la swali. Huyo mwandikie maneno yanayorudi kila mara kwenye maswali ya kozi yako, maneno kumi yanatosha mwanzoni, na mkariri pamoja. Mtihani wa mwisho utakuja kwa Kifaransa, kwa hiyo usimalizie hapo kwa kumpa pointi za mdomo. Mfikishe mahali ambapo analielewa swali lenyewe.

7. Fundisha tena, kwa ufupi. Dakika kumi na tano kwa kila fungu. Usirudie kozi yote. Mwanafunzi aliyefaulu anaweza kukaa na watatu au wanne wa fungu moja na kuwaeleza wakati wewe uko na fungu lingine. Mchague anayeeleza kwa subira. Mwenye pointi nyingi zaidi mara nyingi anakimbia mno.

8. Tumia maswali mapya ya kiwango kile kile. Badilisha namba, badilisha sentensi, usibadilishe ugumu. Kwa mfano wetu: 5x − 4 = 8 − x, jibu x = 2.

   Hapa kuna mtego ambao walimu wa hesabu huuingia bila kujua. Kabla ya kutumia swali, lifanye mwenyewe kwa njia *mbaya*, ile ya wanafunzi wako. Chukua 3x − 2 = 6 − x. Kwa njia sahihi: 4x = 8, x = 2. Kwa njia ya yule asiyegeuza alama: 2x = 4, x = 2. Jibu ni lile lile! Ungempa pointi zote na kumwacha na kosa lake mpaka mwaka wa mwisho. Kwenye historia au biolojia mtego unavaa nguo nyingine: swali la kutaja tarehe au majina, ambalo mtoto amelikariri usiku bila kuelewa chochote. Weka angalau swali moja la "kwa nini".

   Rudisha sehemu aliyokosea tu. Kama intero ilikuwa na sehemu tatu na mbili alizipata, hana sababu ya kuzifanya tena. Utaokoa muda wake na wako.

9. Simamia mchana kweupe. Kwenye shule, ndani ya darasa, mlango wazi, wanafunzi zaidi ya mmoja. Kama shule yako ina zamu mbili, darasa linachukuliwa mara tu wa asubuhi wanapotoka. Tafuta saa ya katikati ya wiki ambayo mwenzako wa darasa la jirani hafundishi, au tumia dakika ishirini za mwisho za saa yako mwenyewe huku wengine wakifanya mazoezi. Jumamosi ifikirie mara mbili, maana kuna watoto Wasabato, na kuna anayetoka Ruashi au mbali ndani ya Katuba ambaye nauli ya siku ya sita hana. Miezi ya mvua kubwa, usipange saa za jioni kwa watoto wanaotembea kwa miguu.

10. Andika pointi zote mbili. Ya kwanza usiifute, wala usiipake bikipa (wino mweupe wa kufutia) juu. Kwenye safu ya ziada andika pointi mpya na tarehe. Karatasi zote tatu, yaani intero ya kwanza, karatasi ya makosa na intero ya pili, zifunge pamoja na uziweke mpaka mwaka uishe. Akishuka kwenye intero ya pili, acha ile pointi kubwa. Alikuja kwa hiari, amefanya kazi, hakuna haja ya kumchapa kwa hilo.

Onyo kuhusu pesa, na kuhusu kukaa peke yenu

Hapa naomba unisome polepole. Hadithi za pointi zinazouzwa kila mzazi anazijua, na mpango wowote wa kurudia unaweza kugeuka duka ndani ya mwezi mmoja usipoufungia mlango mapema.

Usipokee chochote. Si faranga mia tano za karatasi, si yuniti za simu, si soda, si "asante" ya mzazi iliyokuja kwenye bahasha wiki moja kabla ya bulteni. Kama karatasi zinahitajika, mwanafunzi anakuja na yake. Mshahara wetu ni mdogo na unachelewa, hilo najua vizuri, na ndiyo maana kanuni hii lazima iwe ngumu kama jiwe: mtoto wa muuza mkaa wa komini ya Kenya, hapa hapa mjini, na mtoto wa mkubwa wa kampuni ya migodi warudie kwa njia moja.

Usimrudishie mwanafunzi intero nyumbani kwako, wala kwenye darasa lililofungwa, wala mkiwa wawili tu. Kwa wasichana wetu jambo hili limeleta majeraha ambayo hayaponi. Mwalimu anayemwambia msichana aje peke yake "kurekebisha pointi" ashitakiwe kwa prefe siku hiyo hiyo, hata kama ni rafiki yako. Na waambie wanafunzi wazi, darasani: intero ya pili inafanyika hapa, saa hii, mbele ya wenzenu, na hakuna mahali pengine.

Makosa mengine ya kawaida

Kutoa karatasi ile ile. Majibu yatakuwa yamezunguka darasa zima kabla hujafika nyumbani.

Kurudisha intero kesho yake. Siku tatu mpaka saba zinafaa. Chini ya hapo hajapata muda wa kujifunza, zaidi ya hapo kozi imeshasonga mbele.

Kukusanya marudio yote wiki ya mwisho ya periodi. Wiki hiyo una majumlisho ya kufanya, na makosa ya kujumlisha kwenye bulteni yanaumiza watoto kuliko unavyodhani. Funga marudio wiki moja kabla.

Kuongeza pointi za huruma kwa mtoto ambaye hakuleta karatasi ya makosa. Ukifanya hivyo mara moja, darasa zima litajua, na hakuna atakayeandika karatasi hiyo tena.

Mambo yakikwama

*Zaidi ya nusu ya darasa wamefeli.* Hapo usipange marudio. Futa intero hiyo, fundisha upya kwa njia nyingine, kisha toa nyingine kwa wote. Watu thelathini na tano wakianguka kwenye swali moja, uangalie ulivyolifundisha au ulivyoliandika.

*Wanafunzi wameacha kusoma kwa intero ya kwanza.* Angalia kama karatasi ya makosa ni ngumu vya kutosha. Kwa kawaida mtoto akishaiandika mara moja kwa ukamilifu, anaona ni rahisi zaidi kusoma mapema. Hali ikiendelea, shusha kikomo mpaka 7 kuanzia periodi inayofuata, usibadilishe katikati ya periodi.

*Mzazi anakuja na hasira kwamba mtoto wa jirani "ameongezewa" pointi.* Mwonyeshe kanuni yenye saini ya prefe na umwambie mtoto wake naye anaweza kuja Jumatano. Karatasi za mtoto wa jirani usimwonyeshe.

*Mwanafunzi hakuja siku ya kurudia.* Kama alikuwa mgonjwa au kuna msiba, mpangie siku nyingine. Kama hana sababu, pointi ya kwanza inabaki. Ila muulize faraghani kidogo kabla ya kuamua. Mara nyingine anauza maji au mkate sokoni saa hiyo, na hataki wenzake wajue.

*Prefe amekataa kabisa kubadilisha pointi.* Endelea na karatasi ya makosa hata hivyo, na uweke maswali mawili ya sura iliyopita kwenye kila intero mpya. Mtoto aliyejirekebisha atazipata pointi hizo huko, na hakuna aliyegusa kaye.

*Mwenzako anasema unawadekeza.* Mwalike akae nyuma ya darasa siku moja, wakati mafungu yanafanya kazi. Asipotaka, usigombane naye.

*Mwanafunzi amerudia na amefeli tena kwa kosa lile lile.* Usimpe ya tatu. Kaa naye dakika kumi ukimtazama akiandika, bila kusema neno, mpaka uone mstari anaosimama. Kwa milinganyo mara nyingi nimekuta kizuizi kiko nyuma kabisa: hajui kwamba −5 na +5 zikikutana zinakuwa sifuri. Hapo unarudi kwenye namba hasi, pengine kwa mstari uliochorwa kwa chaki sakafuni anaoutembea kwa miguu mbele na nyuma, na intero ya milinganyo inasubiri mpaka hiyo ikae.